Mama Alipoulizia Ubongo wa Kompyuta

Asubuhi mama alipokuja kunitembelea kutoka Mkunya, kompyuta ya duka langu la stesheneri hapa Newala ilikataa kuwaka. Nikaifungua mbele yake. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa hadi kwenye feni.

"Ubongo wake uko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha prosesa, chini ya feni, na diski inayotunza kazi za wateja.

"Na hiki chembamba?"

"Ramu, mama. Inakumbuka kazi ya sasa hivi tu. Ukizima, inasahau yote."

"Kama baba yako!" Akacheka hadi akashika meza.

Nikapangusa vumbi, nikachomoa ramu, nikazisugua ncha zake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Kompyuta ikawaka. Mama akapiga kigelegele, na majirani wakaja mbio kuuliza nani anaolewa.