Nyimbo Kwenye Kanda ya Ubatizo

Taabu ilinianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikufa huko kwetu Ukambani, nikatoka darasa la tatu na sikurudi tena. Nilikuja Nairobi kubeba nyama begani. Nikajifunza kuikata, kisha kuichoma, na mwisho nikawa na bucha yangu mwenyewe Kenyatta Market. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nayasema haya ujue kwamba mimi si mtu wa kulia ovyo.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa hajajua kutamka maneno vizuri. Mtoto alikua akiuliza mengi juu ya mama yake, nami nilimjibu nilivyoweza: alipenda uji mchungu, alitembea haraka, hakuogopa mtu. Picha alikuwa nazo. Sauti ndiyo hakuwa nayo. Juzijuzi, naye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, aliniambia kwamba hata akimwota mama yake, mama huwa hasemi.

Hapo nikakumbuka kanda. Ilikuwa ya sherehe ya ubatizo wake, tuliyoifanya mtaa wa Woodley tulipokuwa tumepanga. Enzi hizo, ukipata kitu kidogo mfukoni unaita mpiga video, na majirani wanajua umefika. Kanda ilikuwa imekaa juu ya kabati miaka yote, ndani ya mfuko wa nailoni. Mashine ya kuichezea ilishakufa zamani.

Tuliipeleka River Road, ghorofani, kwa mama mmoja anayehamisha kanda za zamani kwenye diski. Aliifungua kwa bisibisi, akanionyesha ukungu mweupe kwenye utepe.

"Mzee, hii ilikuwa inalala wapi? Kwa friji ya bucha?"

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka. Yule mama aliupangusa utepe polepole kwa pamba na spiriti, akauhamishia kwenye kasha lingine, akaunganisha deki ya kuchezea kanda na kompyuta kwa nyaya. Nikamwambia afanye haraka, nimeacha bucha. Akanijibu kwamba kanda haikimbizwi: kama imerekodiwa saa nzima, kompyuta nayo itakaa saa nzima ikiitazama. Akatupa viti vya plastiki.

Ilianza kwa mistari mitupu. Kisha ukatokea ua wetu, na sufuria juu ya mawe, na watu ambao wengi wao tulishawazika. Mke wangu akatoka mlangoni amembeba mtoto, na kwaya ikaanza kuimba.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku zile video isiyo na nyimbo ilihesabiwa kuwa haijaisha. Watu wa nyumbani wangeitazama na kusema tumepunjwa. Mpiga video alipotuletea kanda ikiwa na maneno ya watu tu, tulimrudisha akaweke nyimbo, hata hatukuitazama yote. Mke wangu ndiye aliyezichagua. Alitaka kwaya iingie pale pale anapotokea, na siku tuliyoitazama alipiga makofi kama mtoto.

Wimbo uliisha, mwingine ukafuata. Watu walicheka bila kicheko. Padri aliomba kwa midomo tu. Halafu mke wangu akasimama mbele ya keki, akashika maikrofoni, akamgeukia mtoto aliyekuwa mikononi mwa nyanya yake, akaongea. Aliongea kwa kirefu. Binti yangu alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza, akauliza kama kompyuta inaweza kuuondoa wimbo.

"Haiwezi, dada. Wimbo haukuwekwa juu ya maneno. Maneno yalifutwa, wimbo ukakaa mahali pake. Ningesema nitajaribu, mngepanda hizi ngazi bure."

Nilimheshimu kwa hilo. Binti yangu akanigeukia.

"Baba, hapa anasema nini?"

Ningeweza kutunga. Mtu aliyekaa sokoni miaka hii yote hakosi maneno. Lakini angeyashika, angewapa watoto wake, na yangekuwa yangu, si ya mama yake.

"Sijui. Nilikuwa nyuma ya nyumba nakata mbuzi."

"Na hukumuuliza baadaye?"

"Kwa nini ningeuliza? Nilijua iko kwa kanda."

Alimwomba yule mama apunguze sauti mpaka kwaya ikapotea, akaendelea kuitazama ile midomo. Mimi nilitazama nyaya zilizokuwa sakafuni mpaka kanda ikaisha.

Leo nina bucha Kenyatta Market na jiko lake la kuchomea. Nina kiwanja Ukambani, nyumba ya mawe na ng'ombe wawili. Nina binti mmoja na wajukuu watatu. Nina diski moja, na binti ana yake. Sauti ya mke wangu bado ninayo kichwani, ila hiyo siwezi kumgawia.