‘Mshono wangu haukuachia, kilichoachia ni kiwiko cha mwanangu’

Saa tisa na nusu alasiri, msichana wa miaka tisa amesimama mbele ya meza ya kukatia nguo, mikono ameining’iniza, hajui aiweke wapi. Nyuma yake baba yake anatazama saa. Mazoezi ya judo yanaanza saa kumi, na wenzake wote wana sare isipokuwa yeye.

Fundi amevaa futi shingoni lakini hapimi.

“Piga meza,” anamwambia mtoto.

Mtoto anamgeukia baba yake.

“Usimwangalie baba. Piga mara mbili.”

Mtoto anagusa meza, ti, ti, kama anayebisha hodi kwa mwenye nyumba mkali.

“Hiyo hata panya hastuki. Piga!”

Pa! Pa! Chaki inaruka na kuanguka chini.

“Enhe! Na mtu akikuambia usipige?”

“Ninapiga.”

“Na huyo mtu akiwa baba?”

Hapo mtoto anaitazama chaki sakafuni. Baba anacheka kidogo, cheko la mtu aliyeguswa pasipotakiwa. “Fundi, mimi nimekuja kushonesha nguo au kusomesha?”

“Vyote, na hicho cha pili sikutozi,” anajibu fundi bila kutabasamu. Ndipo anavua futi shingoni na kuanza kupima mabega.

Hivi ndivyo mambo yalivyo kwenye chumba hiki kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Hakuna mtoto anayepimwa kabla hajapiga meza. Wapo wazazi wanaodhani mama huyu amechanganyikiwa, na wapo wanaolisema hilo kabla hata hawajafika mlangoni.

Mtaani wanamwita Mama Kola. Jina lilitokana na ukosi wa nguo anazoshona, mnene kama mkanda wa gari, uliopitishiwa cherehani mistari saba. Katika judo ukosi ndio unaokamatwa, unavutwa na kunyongewa watu, kwa hiyo ukosi wa mistari mitatu hauwezi kumaliza mwezi. Kitambaa anakiloweka usiku mzima kabla ya kukikata, kisinywee baadaye mtoto akabaki na suruali ya magotini. Sindano anatumia zile kubwa za kushonea turubai, na kwa siku mbaya huvunja tatu.

“Nguo yangu haichaniki,” anasema. Kisha anainama kuokota chaki, na anakaa huko chini muda mrefu kuliko chaki inavyostahili.

Mbele ya mlango wake, ng’ambo ya barabara, kuna ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi wa mazoezi. Alihamia hapa miaka kumi na mmoja iliyopita akifuata wateja, na bintiye akakulia kati ya milango hiyo miwili. Akiwa na miaka sita alivuka barabara kwenda kujifunza kuanguka. Akiwa na kumi na miwili hakuna msichana wa umri wake aliyemwangusha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, jambo moja linatosha. Mchezaji akibanwa na kuumia, anapiga mkeka mara mbili kwa kiganja. Maana yake ni “yatosha”, na aliyembana lazima amwachie papo hapo. Mtoto hana breki nyingine zaidi ya hiyo.

Binti huyu alikuwa hapigi. Alikuwa anauma meno, anajinyonganyonga mpaka anachomoka, na benchi la wazazi linashangilia. Mama Kola akampa jina la Chuma. Si kumpa tu, alilitarizi kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi, mahali ambapo jina lingegusa shingo ya mtoto.

“Nilikuwa naona fahari, nisikudanganye,” anasema. “Mimi nimekaa kwenye kiti hiki maisha yangu yote, mgongo umepinda. Halafu natoa mtoto ambaye watu wazima wanamtaja. Weee! Nilikuwa natembea barabarani kama vile medali ni zangu.”

Na tuseme ukweli kuhusu lile benchi. Anayekaa pale ni mzazi ambaye hajawahi kukimbia hata kuikimbia mvua, lakini akishakaa anajua kila mbinu. “Mvute! Mlalie! Unaogopa nini?” Mtoto akilia anaambiwa asiaibishe ukoo. Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mama Kola, na hilo analisema mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya mchujo. Klabu ilikuwa inachagua wasichana wawili wa kwenda kwenye mashindano makubwa. Chuma alikuwa na miaka kumi na mitatu. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mpinzani wake alimlaza chali, akaunasa mkono wake wa kulia na kuanza kuunyoosha kupita kiasi, kiwiko kikielekea upande ambao kiwiko hakiendi.

Mama aliuona mkono wa kushoto wa bintiye ukiinuka kutoka mkekani. Kiganja kilikuwa wazi.

“Nikapiga kelele, ‘Usipige! Usipige, Chuma hakipindi!’” anasimulia, sauti imemshuka hata inabidi kumsogelea. “Na mwanangu akanisikia. Niliona vidole vinafunga. Alikuwa anataka kupiga, akakunja ngumi, kwa sababu mama yake amesema.”

Kilichofuata ni mlio. Mama Kola, fundi wa miaka mingi, aliutafsiri kifundi. Alidhani ni nguo.

“Nilijua mkono wa koti umechanika begani. Naapa, jambo la kwanza kunijia kichwani lilikuwa, ‘Jamani, mshono wangu!’ Nikakimbia mpaka pale, nikashika koti natafuta palipoachia. Mtoto anapiga mayowe, mimi nakagua nguo. Mshono wangu haukuachia hata uzi mmoja. Kilichoachia ni kiwiko cha mwanangu.”

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wa kwake uliponza kiwiko, tena si chake.

Kiwiko kilikuwa kimetoka mahali pake na kipande cha mfupa kimekatika. Binti alifanyiwa upasuaji mara mbili na kwenda kwa mtaalamu wa viungo mara thelathini na nne. Mashine ya ovaloki, ile ya kupindia kingo, iliuzwa kulipia hospitali, na tangu hapo mama anazipindia kwa mkono. Zamani alikuwa anatoa sare tisa kwa wiki, siku hizi akibahatika anatoa nne. Mkono wa binti haukunyooka tena. Umebaki umekunjika kidogo, kama wa mtu aliyebeba kapu.

Lakini habari hii ingekuwa fupi kama mama angeanza kuisimulia kama anavyoisimulia leo. Hakuanza hivyo. Kwa miezi mitatu alimsimulia kila mteja kwamba mwalimu wa judo ndiye aliyemvunja mwanawe. Aliandika barua kwenye kamati ya klabu, kurasa nne, na mwalimu akasimamishwa wiki sita.

Mwalimu, mwanamume mfupi mwenye masikio yaliyovimba kwa miaka ya kusuguliwa mkekani, hakujitetea mbele ya kamati. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ana makosa yake yanayomtosha.

“Kuvunja mkono, ule mbano wa kiwiko, ni mbinu ya watu wazima. Wazazi walinijia juu, eti klabu nyingine watoto wanafundishwa na sisi tunabaki nyuma. Nikawafundisha watoto. Ningekataa,” anasema. “Na pale mlio ulipotoka sikuwa naangalia mkeka. Nilikuwa nimeligeukia benchi, nawaambia wazazi wanyamaze.”

Aliyeikata hadithi ya mama ni binti mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, mteja amekaa, Mama Kola anamweleza kwa mara ya mia jinsi mwalimu alivyozembea. Binti alikuwa pembeni anakunja vitambaa kwa mkono mmoja na nusu.

“Mama,” akasema, “mbona kile kipande unakirukaga?”

“Kipande gani?”

“Pale ulipoongea.”

Mteja aliaga bila kupimwa. Mama na binti walibaki na kitambaa katikati yao, mmoja ameshika ncha hii na mwingine ncha ile.

Wiki iliyofuata Mama Kola alivuka barabara, akasimama kwenye mkutano wa wazazi na kuomba barua yake irudishwe. Aliwaeleza kila kitu, mpaka ile ngumi. Kisha akaomba kanuni mpya, kwamba wazazi wote wakae nje wakati wa mazoezi, au wakikaa ndani wafunge midomo.

Angewaambia wauze watoto wao wasingekasirika vile. “Mama, mzigo wako usitutwike sisi,” mmoja akamwambia. Mwingine akasema watoto wa siku hizi ni mayai, ukiwanyamazia ndiyo watakuwa uji kabisa. Kanuni ilikataliwa kwa kura nyingi. Wazazi saba walihamishia nguo zao kwa fundi mwingine mwezi ule ule, na benchi lipo pale pale. Hata mimi nilipokwenda nililikuta limejaa, na nilimsikia baba mmoja akimwambia mwanawe wa miaka minane, “Ukipiga mkeka leo, nyumbani utembee kwa miguu.”

Mume wa Mama Kola ni mwokaji mikate. Anarudi nyumbani na unga kwenye nyusi, na maneno yake ni ya kuhesabu. Nilimuuliza kama amemsamehe mkewe.

“Anawaambia watu wote,” alisema. “Fundi viatu anajua, muuza maji anajua. Sawa. Kusema hakunyooshi mkono.” Akaingia ndani.

Sasa kumetokea jambo ambalo mama hakuliomba. Mwezi uliopita daktari alisema binti anaweza kurudi mkekani, kwa mazoezi mepesi, bila mashindano. Mama alitegemea mtoto acheke, aseme hapana asante. Binti akasema anaanza Jumatatu.

Karatasi ya ruhusa ya klabu iko juu ya cherehani, imewekewa mkasi isipeperuke. Inataka sahihi ya mzazi. Baba amesema hagusi kalamu. “Aliyemtuma ndiye amrudishe,” ndiyo kauli yake. Kwa siku tisa Mama Kola ameishona kila nguo iliyo mbele yake na hajaisogelea karatasi hiyo.

“Nikisaini na akaumia tena, nitakuwa nimemvunja mara mbili,” anasema. “Nisiposaini, nitakuwa nimemnyang’anya na kile kilichobaki. Nambie wewe uliyesoma, ungefanyaje?”

Niliangalia mkasi.

Saa kumi kasorobo binti anaingia kutoka shule, mrefu kuliko mama yake, mkoba kwenye bega la kushoto. Mama yake anavua futi. Sare mpya imekatwa tayari, bado mikono tu. Wa kushoto unatoka sentimita hamsini na nne. Wa kulia anaupima mara tatu, akiivuta futi moja kwa moja kutoka begani hadi kifundo, na kila mara ni hamsini na moja. Anaandika kwa chaki kwenye kitambaa, polepole.

Ukosi ni ule wa zamani, binti ameutaka huo huo kwa kuwa umeshalainika. Mama amelifumua neno CHUMA kwa wembe, uzi wote umetoka. Vitundu vya sindano vimebaki, na ukiuelekeza ukosi dirishani bado unasomeka.

“Piga meza,” anamwambia bintiye.

Binti hasogei.

“Nitapiga huko, mama. Hapa sipigi.”

“Nisikie tu.”

“Ndiyo maana nataka usiwepo.” Hasemi kwa hasira. Anasema kama anayetaja kipimo. “Ukiwa kwenye benchi, hata ukinyamaza, mimi nakusikia. Mkono wangu unakusubiri wewe. Nitarudi wewe usipokuwepo.”

Mama Kola anakaa. Ng’ambo ya barabara watoto wameanza kuanguka kwenye mkeka, kishindo kimoja kimoja. Anautoa mkasi juu ya karatasi, anachukua kalamu ya kuandikia vipimo na kusaini. Binti anaikunja karatasi, anaitia mkobani na kutoka bila kusema asante, na mama yake hamdai.

Nilimuuliza Jumatatu atakuwa wapi.

“Hapa hapa, nimeshikilia kiti,” alisema, akiupitisha uzi kwenye tundu la sindano, ukamkataa mara mbili. “Mlango nitauacha wazi. Mlio wa kupiga mkeka naujua, si kama wa kuanguka, ni mara mbili, kwa kiganja. Siombi medali tena. Namwomba Mungu siku moja abanwe, aumie kidogo tu, nisikie pa, pa. Hapo nitajua mwanangu ameacha kunisikiliza.”