Magome ya Mkandaa Katika Chupa za Maimuna

Mdogo wangu Maimuna ndiye mtu wa kwanza wa Mbuchi, kijiji chetu cha deltani, kulipwa mshahara kwa kulisha saratani. Nasema kwa uchungu, ila ndiyo kazi yake. Katika maabara moja Dar es Salaam analea seli za saratani ya tezi dume ndani ya chupa ili watafiti wazijaribie dawa. Seli hizo huishi kwenye majimaji yaliyotiwa seramu ya damu ya ndama, na balaa letu lilianzia kwenye kuchagua seramu.

Baba yetu, Mzee Kibwana, alipata ugonjwa huohuo mwaka juzi. Daktari alimpangia sindano ya kuzima homoni za kiume. Baba akaiita sindano ya maksai, kana kwamba ni ng'ombe anayehasiwa. Miaka yote alikuwa akiwachemshia wanaume wa deltani magome ya mkandaa, mmoja wa mikoko yetu, kwa shida za mkojo, sasa akawa anajichemshia mwenyewe. Nilimbembeleza wiki tatu nzima, mwisho akakubali kwenda hospitali ya Kibiti Jumatatu kuchomwa.

Maimuna angemweleza vizuri kuliko mimi. Lakini kwetu binti hataji habari za chini ya kitovu mbele ya baba yake. Maneno yote alinituma mimi kwa simu, nami kwa aibu nikayafikisha nusunusu. Yeye akaomba apelekewe magome, na bosi wake akamruhusu ayajaribu, kisha akasafiri.

Maabara ilikuwa na seramu za aina mbili. Ya kawaida huwa na homoni za ndama mwenyewe. Nyingine huchujwa kwa mkaa hadi homoni zitoke, na utafiti wa homoni hufanywa kwa hiyo. Iliyochujwa ilikuwa imebaki kidogo. Maimuna akaitia kwenye chupa zenye dawa ya baba, asitake homoni za ndama ziiharibu. Chupa za kulinganisha, zisizo na dawa, akazipa ya kawaida. Mtu mzima, msomi, akafanya kosa ambalo angemgombeza mwanafunzi kwa kulifanya. Alitaka mno dawa ya baba ishinde.

Siku ya sita, chupa za kulinganisha zilikuwa zimejaa seli. Zenye magome zilikuwa zimedumaa. Alinipigia Jumamosi akilia kwa furaha, na mimi mjinga nikakimbia kumwambia baba. Jumatatu hakwenda Kibiti. Alichinja kuku, akawaita majirani.

Miezi minne baadaye bosi alirudi safari, akafungua daftari, akauliza chupa ipi ilipewa seramu ipi. Maimuna akamwonyesha. Jaribio likarudiwa kwa seramu moja chupa zote, na magome hayakufanya lolote. Kilichozidumaza seli mara ya kwanza ni kukosa homoni, jambo lilelile ambalo sindano ingemfanyia baba.

Maimuna aliponipigia tena anitume kwa baba, nilikataa. Nilimwambia kwa hasira aje aseme mwenyewe, aibu yetu imetufikisha pabaya. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeingia uti wa mgongo, na daktari alishasema hata sindano haitairudisha miguu.

Alikuja. Akakaa mkekani karibu na kitanda, macho chini, akasema yote.

"Baba, ugonjwa wako unakula homoni za kiume. Sindano inaunyima chakula, basi. Nguvu za unyumba zingepungua, hilo ni kweli, lakini ungekuwa unatembea. Nimeuona ukifa njaa chupani kwa macho yangu, nikadhani ni magome."

Baba alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Kumbe ni hivyo tu," alisema. "Ungeniambia hivi siku ile, mwanangu, ningekwenda."

Kisha akaniomba nimgeuze alalie ubavu wa pili.