Maombi ya Kumuaga Bosi

Nilikuwa nabeba magunia ya mahindi kwenye stoo moja Kitale siku mgongo ulipokataa. Nilianguka, gunia likanilalia, na bosi akasimama pale akasema, "Inuka, wacha uvivu."

Hospitalini waliniambia diski moja kati ya pingili za mgongo imesagika. Waliitoa, wakaniwekea ya bandia, ya chuma na plastiki. Kwa sababu waliipitisha tumboni, kovu langu liko chini ya kitovu. Bosi alipopata habari alicheka mbele ya wabebaji wote. "Mgongo gani unapasuliwa tumboni? Huyo alikuwa na ngiri, ati anatusingizia." Kicheko hicho nilirudi nacho nyumbani Bungoma, nikakitunza vizuri.

Miaka michache baadaye alikuja kwangu ameshika kiuno, akitaka kujua ni daktari gani alinitibu. Nilimkaribisha kwa heshima. Nilimkalisha kwenye kochi letu la zamani, lile ambalo springi zimekufa na mtu anazama hadi karibu na sakafu. Nikampa chai, nikampa na jina la daktari.

Alipotaka kwenda, nilimkumbusha kwamba kwetu mgeni haondoki bila maombi. Mimi, mke wangu na watoto tukasimama. Yeye alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, jasho likamtoka.

"Ombeni tu nikiwa nimekaa," akasema.

"Inuka, bosi," nikamwambia. "Sisi tutangoja."

Nikafumba macho, nikasikiliza springi zikilia.