Kilima cha Nyuma ya Jiko la Uji

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu alirudi kutoka shule na soksi zilizopauka, nikaenda dukani hapa Tegeta kutafuta bluu ya kufulia. Nilidhani haiuzwi tena. Mwenye duka aliinama chini ya kaunta akatoa kifuko kidogo ambacho maandishi yake yalikuwa yameshafifia, akaniuliza, "Sista, bado unafua kwa mkono?" Nikamwambia ndiyo. Nilipofika nyumbani niliumimina ule unga kwenye kisosi, nikachovya kidole, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma na hasira ambayo sikujua kama bado ninayo. Soksi zilisubiri hadi jioni.

Nitakueleza hasira hiyo imetoka wapi, maana wewe nawe umesoma shule kama zetu, na pengine nawe uliwahi kunyang'anywa kitu ukaambiwa ni kwa faida yako.

Nilisoma shule ya msingi upande wa Pugu, ng'ambo ya reli, mahali ambapo siku hizo mji ulikuwa bado unasitasita. Kulikuwa na nyumba, halafu mihogo, halafu nyumba isiyoezekwa, halafu msitu. Nyuma ya shule kulikuwa na jiko la uji, kibanda cha mabati yaliyoshika masizi, na nyuma ya jiko kulikuwa na kilima. Hakikuwa na jina. Watu wazima walikiita "kule juu", basi. Ubavu wake mmoja ulishawahi kuchimbwa, ukabaki kovu jekundu lenye michirizi ya ule udongo mweupe laini ambao mama zetu walikuwa wakiuramba walipokuwa na mimba. Chini ya kovu zilipita nguzo za umeme. Kushoto, kwa mtu mkweli, kilionekana choo cha shule.

Tulipoingia darasa la tano tulipewa mwalimu mpya wa stadi za kazi. Alikuwa mtu wa Njombe, mrefu, mkimya, na alivaa koti hata Februari, joto likiwa linatoka kwenye sakafu. Siku ya kwanza alituambia tuchore mandhari. Darasa zima tulichora kitu kimoja, na naamini nawe unakijua: milima miwili yenye ncha, jua linachomoza katikati na miale yake kama kucha, mto unateremka, mnazi mmoja, nyumba yenye bomba la moshi, na ndege wawili waliofanana na alama za vema. Hatukumbuki aliyetufundisha. Tulizaliwa tunaijua.

Mwalimu alipita dawati kwa dawati, mikono nyuma. Alipomaliza alisimama mbele ya ubao.

"Mimi nimezaliwa milimani," alisema. "Nimechunga mbuzi milimani. Hii mliyochora si milima. Hizi ni sambusa mbili na yai katikati."

Tulicheka hadi darasa la jirani wakagonga ukuta. Yeye hakucheka.

"Nani hapa nyumba yao ina bomba la moshi?"

Hakuna kidole kilichonyooka.

"Sasa mmeliona wapi?"

Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja akanyoosha kidole. "Kwenye daftari la kaka, mwalimu."

"Na kaka aliliona wapi?"

"Labda kwenye daftari la kaka mwingine."

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi tulipomaliza kufagia, kabla ya kengele ya mstarini, darasa la tano tulikaa chini nyuma ya jiko la uji tukakichora kile kilima. Dakika ishirini. Kila siku ya shule, mvua na jua. Karatasi zilikuwa mitihani ya mwaka uliopita, tukitumia upande mweupe. Brashi zilikuwa vijiti tulivyovitafuna ncha kama mswaki hadi vikatoa nyuzi. Rangi tulizitafuta wenyewe: udongo mwekundu na mweupe wa palepale, masizi ya jikoni, majani ya kisamvu yaliyopondwa, binzari ya manjano, na bluu ya kufulia. Hizo mbili za mwisho alitupa mzee wa Kiarabu mwenye duka karibu na reli, duka alilorithi kwa baba yake, kutoka kwenye vifuko vilivyotatuka. Tukimpigia shikamoo mlangoni alikuwa anaitikia huku mkono umeshafika kwenye kopo. "Mwambieni mwalimu wenu," alikuwa anasema, "akishamaliza kukichora hicho kilima aje achore na duka langu, maana nalo halijaondoka hapo miaka mingi." Mpishi wa uji alitupa ukoko wa chini ya sufuria, tukauchanganya na maji ili rangi ishike. Picha zetu zilinuka uji, na sisimizi walizipenda kuliko mtu yeyote.

Nilijifunza nini? Nilijifunza kwamba Januari kilima ni cheupe kuliko ulivyodhani, kwa sababu joto linakunywa rangi. Masika ilipoanza mwalimu alituuliza, "Kijani ngapi?" Tukasema moja. Akatuacha tuangalie. Mwisho wa wiki tulikuwa tunabishana kama ni tisa au kumi na moja, na watoto wawili walitaka kupigana kwa ajili ya mpapai. Aprili kulikuwa na asubuhi ambazo kilima hakikuwepo kabisa, mvua imekifuta, nasi tumejibana chini ya upenu wa jiko. "Choreni hivyohivyo," alisema, tukachora kijivu kitupu karatasi nzima, na nakwambia hakuna kijivu hata kimoja kilichofanana na cha jana. Kipupwe moshi wa uji ulilala chini, kilima kikawa kama kimesogea mbali, na hapo ndipo bluu ya kufulia ilipofanya kazi. Agosti watu walichoma mashamba. Jua lilitoka jekundu na nguzo za umeme zikageuka kuwa kitu kizuri zaidi pale. Nguzo za umeme! Nani aliwahi kumwambia mtoto wa Pugu kwamba karibu na kwao kuna kitu kizuri?

Alituanzisha na rangi tu. Umbo la kilima, ule mstari wa juu unaokutana na mbingu, alituwekea kwa ajili ya vuli. Alisema mvua za vuli zikiosha vumbi angani mstari unakuwa safi kama umekatwa kwa wembe, na mtu asiyejua rangi kwanza ataukosea. Tukimaliza vuli, aliahidi, tungezitundika siku zote za mtoto mmoja kwa mfuatano, Januari hadi Novemba, kuzunguka kuta nne za darasa. "Mtakiona kinatembea," alisema. Alizifunga karatasi zetu kwa kamba ya katani, kila mtoto na furushi lake, akaziweka stoo. Kila mtu alitaka achaguliwe yeye. Mimi nilijua nitakuwa mimi. Alishaniambia mara moja, akipita nyuma yangu, "Wewe unaangalia." Sikumbuki mtu mzima mwingine aliyenisifu mwaka ule.

Septemba tukasikia kuna mgeni rasmi anakuja, afisa kutoka wilayani. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Mwalimu mkuu akaja nyuma ya jiko asubuhi moja, akachukua karatasi ya rafiki yangu akaishika kwa mbali kama nepi.

"Hii nini?"

"Mandhari, mwalimu."

"Na hiki?"

"Choo, mwalimu."

Alimgeukia mwalimu wetu, mbele yetu. "Mgeni atoke wilayani aje aangalie choo? Mwaka mzima unawaweka hawa watoto kwenye umande, wenzao wanakariri, wewe unawachoresha choo?"

"Kipo," mwalimu wetu alisema. "Ndiyo maana wamekichora."

"Nataka mandhari ya nchi yetu. Milima. Mto. Jua. Unajua mandhari, au huko kwenu hamna?"

Tuligawiwa karatasi za manila na rangi za dukani, za kwenye vichupa, rangi ambazo hazikunuka chochote. Mwenye picha bora angesimama mbele ya mgeni na kupewa mkebe mpya. Mkebe wangu ulikuwa wa kaka, bila bikari, na kifuniko chake kilifungwa kwa mpira wa ndala. Sitajitetea zaidi ya hapo. Nilichora milima miwili yenye ncha na jua katikati. Niliichora vizuri sana, kwa sababu nilikuwa nimeshakaa miezi tisa nikijifunza namna rangi inavyokaa juu ya rangi. Sambusa zile zilikuwa na vivuli. Mto wangu ulimeremeta. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya darasa na koti lake.

Siku ya ugeni nilisimama mbele ya watu. Afisa, mwanamume mpole aliyenukia sabuni, aliinama akaniuliza, "Hapa ni wapi, mwanangu?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kilima kilikuwa palepale, chekundu, na kovu lake.

Nikasema, "Ni hapa kwetu, Pugu."

Hakugeuza shingo kuangalia. Alisema, "Pazuri sana," watu wakapiga makofi, nikapewa mkebe. Bado inaniuma. Mtu mzima anayesimamia elimu ya maelfu ya watoto anaambiwa na mtoto kwamba Pugu kuna mto unaometa na milima yenye ncha, dirisha liko wazi, naye anaridhika. Aliniona mwongo? Hapana. Aliona picha aliyokwisha kuiona tangu naye yuko darasa la tano.

Jumatatu dakika zetu ishirini ziligeuzwa kuwa za kukariri jedwali la kuzidisha, na aliyepewa kutusimamia ni mwalimu yuleyule. Alisimamia. Saba mara nane, saba mara tisa, na mgongo wake ameuelekeza kwenye kilima. Jioni ile nilimkuta langoni kwa mama muuza bagia. Nilimpa shikamoo. Aliitikia, akaangalia mkebe mkononi mwangu.

"Sambusa zako zimeiva vizuri," alisema, akaondoka.

Ingekuwa imeishia hapo ningesamehe. Wiki iliyofuata nilinunua bagia nikapewa zimefungwa kwenye karatasi iliyonuka uji. Niliifungua. Ilikuwa Juni, kile kilima kilichosogea mbali, na mafuta yalikuwa yanaingia kwenye bluu. Stoo ilikuwa imesafishwa. Mwalimu mkuu alimgawia mama bagia marundo ya karatasi zilizotumika, kwa nia njema kabisa, naye alishukuru kwa nia njema kabisa.

Darasa zima tulianza kula bagia. Tulimzunguka kila mapumziko.

"Mama, nifungie kwenye ile ya chini."

"Ya chini ina nini?"

"Mie naitaka tu hiyo. Siyo hiyo, hiyo nyingine, yenye kijani."

"Nyie watoto mnakula bagia au mnakula karatasi?" alisema, na akawa anacheka, kwa kuwa biashara haijawahi kumwendea hivyo. Lakini wateja wake walikuwa wengi kuliko sisi. Masika nzima iliishia kwenye mtaro kando ya reli. Mimi niliambulia karatasi nne, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nilizilaza chini ya godoro. Mama alipoona msafara wa sisimizi unapanda kitanda alizitupa kwenye jiko la mkaa. "Shetani gani kakutuma ulaze mafuta kitandani?" aliniuliza.

Mwalimu alihama mwisho wa mwaka. Sijui alikwenda wapi. Vuli ilinyesha, na tulikuwa ndani, tunazidisha.

Pasaka hii nilikwenda kumsalimia mama, nikatembea hadi kule shuleni. Jiko la uji limekuwa ofisi. Nyuma ya ofisi kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna shimo. Kilima chote kimekwenda. Kimebebwa kwenye malori, lori moja baada ya jingine, kikamwagwa kwenye mabonde ya watu na chini ya barabara, na si ajabu hata kiwanja nilichojenga chumba changu Tegeta kimejazwa kwa udongo wake mwekundu. Hakuna aliyelia. Nani alie? Kisichokuwa na jina, kisichofanana na mandhari, unakiombaje kibaki?

Kando ya shimo kuna mama mmoja anawauzia chai wapakiaji wa kifusi. Nilikaa kwenye benchi lake. Nikamwambia hapa palikuwa na kilima, tulikuwa tunakichora kila asubuhi tukiwa wadogo.

"Mie nimekuja shimo nimelikuta," alisema. "Kilikuwaje?"

Nikamweleza kovu, na michirizi myeupe, na kijani cha Aprili kabla mvua haijazidi. Akasikiliza, halafu akasema hapana, umbo, kilikuwa kirefu kama nini. Niliokota kijiti nikainama kwenye udongo. Mkono ukaenda juu, ukashuka. Ncha moja kali. Nikaifuta kwa kiatu, nikaanza tena, taratibu, nimefumba macho, na mkono ukaenda juu ukashuka vilevile.

Mama wa chai aliinama akaangalia. "Ahaa, kama ile wanayochora watoto kwenye madaftari."

"Hapana. Hakikuwa hivyo."

"Sasa si umesema ulikuwa unakitazama kila siku?"

"Kila siku," nikamwambia. "Mpaka Septemba."