Nyanya za Darasa la Sita

Wanafunzi walimwita Mwalimu Umeamuaje, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila shida waliyompelekea. Mtoto akisema kasahau daftari, kagombana na mwenzake au hesabu zimemshinda, mwalimu alimtazama usoni na kumuuliza: umeamuaje? Mwanzoni walidhani ni uvivu tu. Baadaye wakaanza kufika mbele yake wakiwa na jibu mkononi.

Hakuyatoa vitabuni mambo hayo. Alilelewa na shangazi aliyemchagulia kila kitu, shule, kazi, hata mume, na mume naye akaendelea pale shangazi alipoishia. Mume alipofariki, mwalimu alikwenda kujinunulia viatu, akasimama dukani ameduwaa mpaka muuzaji akamwonea huruma na kumchagulia. Alirudi nyumbani na viatu vinavyombana, akalia kuliko alivyolia msibani.

Ndiyo maana mwaka ule aliwapa watoto wa darasa la sita kila mmoja kopo la udongo na mbegu za nyanya. Makopo yakapangwa nyuma ya darasa. Aliwaambia hakuna wa kukumbushwa: mche ukifa ni wako, ukizaa ni wako.

Wa kwanza kufiwa na mche alikuwa binti waliyemwita Kidoti kwa alama yake ya shavuni, mtoto wa pekee wa mama mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alikuja ofisini peke yake, macho chini. Hakumsingizia mtu. Alisema alisahau kumwagilia, na ameamua kupanda upya, atakuwa anawahi asubuhi. Mwalimu alimkubalia kwa sauti ya kawaida, lakini siku nzima alitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Mbegu ikachipua. Nyumbani, hata hivyo, mama alikuwa amesikia habari ya mche uliokufa tu, na hakungoja kusikia zaidi. Asubuhi moja dereva wake akashusha garini mche wa kununua, mrefu, wenye maua tayari. Akaling'oa lile chipukizi akidhani ni jani la porini, akaupachika mche wake ndani ya kopo. Darasa zima lilicheka. Mwalimu akasema mche wa kununua hautapewa alama.

Kesho yake akaitwa kwa mwalimu mkuu. Mama mtu alikuwa ameketi, mkoba mapajani, Kidoti kasimama pembeni. Mama hakugomba. Alieleza kwa upole kwamba kila siku anatoka kazini hoi na bado anahakikisha mwanawe hakosi kitu. Sasa mtoto anaadhibiwa kwa kupendwa? Mwalimu mkuu, ambaye hata bati la ofisi yake lilitolewa na kamati, akamgeukia binti.

"Haya, mwanangu. Mche wako ni upi?"

Kidoti alimtazama mwalimu wake, kisha mama yake.

"Ule mkubwa," akasema.

Akapewa alama zote. Na ili mzazi mwingine asije kulalamika, mtunza bustani wa shule akaagizwa amwagilie makopo yote. Nyanya zikastawi ajabu. Siku ya wazazi zilipangwa mezani, wageni wakazipiga picha, mwalimu akapongezwa hadharani. Watoto walikuwa wameacha zamani kwenda nyuma ya darasa; wengine walibishana kopo lipi ni la nani.

Jioni ile Kidoti alimngojea kwenye ngazi.

"Mwalimu, ule wangu ulikuwa umeshatoa majani mawili."

Mwalimu alitaka kumuuliza kwa nini hakulisema hilo ofisini. Lakini yeye mwenyewe, mtu mzima, hakuwa amefungua mdomo mle ndani.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alimwambia. "Mama anakusubiri."

Muhula mpya ulipoanza, aliingia darasani akaandika maswali ubaoni. Mkono ukanyooshwa: waandike kwa kalamu ya bluu au nyeusi? Hakuna aliyecheka. Wote walimkodolea macho, wakingoja.

"Bluu," alisema, na darasa zima likainama.