Mashimo Mbele ya Nyumba ya Bibi

Harufu ya majivu yaliyochanganywa na pilipili kali, hata leo ikinikuta jikoni kwa mtu, hunitoa nje. Ndiyo kinga ambayo mama alivinyunyizia vitunguu vya maua, mbegu zenye umbo la kitunguu, alivyonunua Bariadi msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuichukua pamba yetu, enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila duka likiwa na kitu kipya. Alivipanda mbele ya nyumba ya bibi, mama yake baba, akavizungushia matawi ya miiba. Hata hivyo, kila asubuhi tulikuta mashimo mapya. Nungunungu alikuwa na njaa, na mwenye miiba yake hatishwi na miiba ya mti.

Mwanzoni tulicheka. Kisha mtoto wa jirani yetu, baba Kulwa, akafariki kwa degedege, na watu wakaanza kuyatazama yale mashimo kwa jicho jingine. Bibi alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa samadi kavu aliyopikia maisha yake yote, na kwetu macho ya namna hiyo yalikwisha kuwaponza vikongwe wengine, wakaitwa wachawi, wakauawa. Ikanong'onwa kisimani kwamba anachimba kufukia dawa. Lisemwalo lipo, walisema. Niliogopa mno, nikawa namfuata bibi hata akienda chooni.

Mama akakata shauri. Aliondoa miiba, akafagia pilipili yote, akatandaza majivu matupu kuzunguka maua aliyoyapenda kuliko khanga zake, akamwachia mnyama ale. Kulipokucha alimwita baba Kulwa. Hakikubaki kitunguu hata kimoja. Nyayo zilijaa majivuni, na mwiba mrefu wa rangi nyeusi na nyeupe ulilala shimoni. Mama aliuokota akamkabidhi. Nilishusha pumzi.

Baba Kulwa aliugeuzageuza mkononi.

"Nimeona, mayu," alisema kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma. "Lakini nungunungu hajitumi mwenyewe; hutumwa."

Siku ileile, jua likiwa bado kali, baba alimpakia bibi kwenye lori la pamba, akampeleka Lamadi kwa shangazi.

Siku hizi wavu wa waya unauzwa Bariadi madukani, na maua yangu hayaguswi. Wapita njia huyasifu na kuniomba mbegu. Bibi aliishi Lamadi miaka mingi, asirudi kwake tena. Alipofariki kwa kisukari, waombolezaji walitushangaa: mama alipiga magoti, akamshukuru Mungu kwamba ni ugonjwa uliomuua.